Jiko la Kwenye Filamu

"Kohoa tena, mama," alisema Bwana Kofia, mwongozaji wa filamu. "Ila safari hii tazama kamera."

Mpika maharage akakohoa. Ilikuwa mara ya sita. Kuni mbichi walizileta wao wenyewe, kwa gari lao, kwa sababu kuni zake kavu hazikutoa moshi wa kuwaridhisha. Banda la mabati, ambamo kila alfajiri alichemsha maharage ya kuwauzia mafundi ujenzi, lilijaa moshi mpaka mpiga picha akavaa miwani ya kuogelea. Mama mwenyewe hakupewa hata kitambaa. Mwezi uliopita daktari alimwambia bila kuzungukazunguka: kifua hiki hakitaki moshi tena, ukiendelea utawaacha wanao. Alimweleza Bwana Kofia. Bwana Kofia alifurahi mno, akamwomba ayaseme tena mbele ya kamera.

Sehemu ya furaha walishaipiga asubuhi, banda likiwa bado safi. Filamu za hali halisi ndivyo zinavyotengenezwa, mwisho kwanza. Waliweka jiko la umeme wa jua, jeupe, jipya, paneli wakaiegemeza ukutani, wakamwambia acheke. Alicheka kweli, maskini wa watu, alidhani ni lake. Akavuta pumzi ndefu kama alivyoagizwa. Akatia saini kwenye karatasi aliyoambiwa ni utaratibu tu. Saa sita jiko likarudishwa kwenye boksi.

"Hilo la maonyesho, mama," alisema Bwana Mradi, afisa wa nishati safi, yule ambaye tumbo humtangulia kufika. "Lako linakuja na mgao. Jina lako ndilo la kwanza."

"La kwanza kufutwa," alinong'ona wifi ya mpika maharage, aliyekuwa akisugua masufuria. Aliambiwa afunge mdomo, sauti yake inaingia kwenye filamu.

Mgao ulikuja baada ya miezi minne. Majirani wawili walipata. Diwani alipata matatu, sijui anapika nini. Mpika maharage hakuitwa. Akaenda ofisini kwa miguu, akipumzika kila baada ya nguzo mbili za umeme, maana kifua sasa kilipiga miluzi.

Bwana Mradi hakumwamkia, ingawa kwa umri angeweza kuwa mwanawe. Wala hakumwambia akae.

"Wewe ulishapata."

"Sijapata, baba. Mlilichukua siku ileile."

"Ulishapata." Akaigeuza kompyuta. "Huyu nani?"

Mpika maharage akajiona. Anacheka, anavuta pumzi, anafunua sufuria. Sauti nzito ya mwanamume ikasema kwamba mama huyu hakohoi tena.

"Ni mimi."

"Na hili ni nini?"

"Jiko. Lakini pale nilikuwa naigiza, baba. Ninyi ndio mliniambia."

"Kuigiza?" Bwana Mradi akavua miwani. "Filamu imepata tuzo ng'ambo. Wafadhili wameiona, waziri ameiona. Leo wewe na maharage yako ndio uje kuwaambia ni uongo? Kama umeliuza, sema umeliuza."

Wamemnyima jiko, sasa wamemfanya mwizi wa jiko lenyewe. Alitaka kumtukana tusi zima, la kikweli, lakini kikohozi kikawahi. Alikohoa mpaka akashika ukingo wa meza. Bwana Mradi aliisogeza kompyuta isije ikarukiwa na mate, kisha akamwita karani.

"Lete kamera. Ripoti ya robo mwaka inadai picha ya mnufaika."

Wakamsimamisha kando ya bango lenye uso wake mwenyewe. Karani akamwomba acheke kama wa bangoni. Hakucheka.

"Bado anakohoa, bosi."

"Picha haina sauti. Piga."

Karani akapiga, akaandika chini yake: Mnufaika afika ofisini kutoa shukrani. Halafu akamshika mama mkono kwa adabu, akamtoa nje, akaufunga mlango upesi, hewa ya kiyoyozi isipotee.