Faili la Majaribio

"Mto ule hauwezi kupanda hata kidole kimoja bila mimi kujua." Crispus aliwaambia hivyo watu wote pale Kasese, hata wale waliomletea simu tu azitengeneze.

Programu ya kuuchunga mto ilikuwa yake kweli. Kipimo kilichofungwa darajani Bwera kilituma kimo cha maji. Yakizidi, programu ilipiga king'ora sokoni. Wachuuzi wa kando ya mto waliiamini hata wakaacha desturi yao ya kwenda kuyatazama mawe ya mtoni kama yamefunikwa, kila wingu liliposhuka mlimani.

Mchana huo milima haikuonekana kabisa kwa mvua. Sophie, muuza maharage wa soko la Bwera aliyetoka Butembo, Kongo, akapiga simu; Crispus akaipokea kwa spika. Mumewe Thembo alikuwa amelala nyuma ya kibanda, mguu wake ndani ya plasta.

"Crispus mutoto yangu, maji iko na rangi mubaya. Mashine inasema nini?"

Crispus akatazama kioo cha kompyuta. Maji magotini, kama asubuhi, kama jana. Akamwambia mama auze maharage, mto amwachie yeye, kisha akaitupa simu mezani.

Mackline, mwenzake wa meza ya pili, akataka kujua ni mto gani huo wenye nidhamu hivyo, mvua yote hii na hautikisiki.

Crispus akacheka. Kicheko kikamfia mdomoni. Akaiuliza programu imeitoa wapi moduli, kile kipande chake cha kusoma kipimo. Haikuwa ile aliyoisakinisha kipimo kilipofungwa. Ilitoka folda hiyohiyo ya programu, ambako lilibaki faili lake la majaribio, lenye jina lilelile, aliloliandika kabla kipimo hakijafika ili wakubwa waone kitu kikifanya kazi. Faili hilo lilijua jibu moja tu: magotini. Na kompyuta huanza kutafuta karibu. Ikilipata jina, haiendi mbele.

Akalifuta, akaiwasha programu upya. Namba ikaruka hadi juu ya kichwa cha mtu.

"Ni faili langu," akamwambia Mackline. "Lakini tutasema kipimo kilikwama. Umesikia?"

Mackline alikuwa akiitazama simu mezani, ambayo haikuwa imekatwa. King'ora cha Bwera kilikuwa kikilia ndani yake.

"Nimesikia, mutoto," Sophie akasema, akihema. "Tuko tunamubeba Thembo, maji imeingia mu chumba. Akitoka muzima, ile ya kipimo utamuambia weye mwenyewe."