Mapipa Mbele ya Zahanati

Kaka yangu Alio hakuwa mwizi. Naanzia hapo kwa sababu nawajua watu wetu: ukitaja mwenyekiti wa kamati na mradi wa wafadhili kwa pumzi moja, wameshamhukumu. Alio hakula hata senti. Afadhali angekula. Mwizi unamchukia, ukalala usingizi wako. Mtu mwema aliyekosea utamchukia vipi?

Mimi ni Ramla, muuguzi msimamizi wa zahanati ndogo iliyo kando ya barabara ya kutoka Garissa kwenda Masalani. Barabara yenyewe imenyooka, na barabara iliyonyooka huwatia madereva wazimu. Jengo letu liko karibu nayo mno. Aliyelijenga alitaka lionekane, hakufikiria kulilinda. Baada ya mashambulizi yaliyotokea sehemu zetu hizi, kila gari lililokuja mbio lilitushtua. Ndipo shirika moja likakubali kutulipia vizuizi, likamtuma injinia wake, binti wa Kitui aitwaye Mwende, aje kutueleza.

Mwende alitandaza picha mezani kwetu. Kulikuwa na magogo ya zege yenye vyuma vya kushikana na misingi inayozama ardhini. Kulikuwa na makasha ya waya mnene yaliyovishwa kitambaa kigumu ndani, ambayo hupangwa kama ukuta kisha hujazwa udongo. Alieleza kwa subira. Gari likigonga zege moja, alisema, linakuwa limeyagonga yote na ardhi iliyoyashika. Bomu likilipuka, ule udongo ndani ya kitambaa unaumeza mlipuko.

Alio, mwenyekiti wa kamati ya zahanati, alizitazama picha kwa adabu zote. Nyumbani tunasema Kisomali, lakini kwa mgeni alitoa Kiswahili chake cha soko la ng'ombe, ambacho kila p ni b.

"Binti yangu, hii bicha mzuri sana, mashallah. Lakini sisi iko na biba. Biba mingi. Tunajaza mawe, tunabanga hapa mbele, kazi kwisha."

"Mzee, pipa la mawe likilipuliwa, kila jiwe linakuwa risasi," Mwende akamjibu.

"Basi tunajaza mchanga."

"Na lori likija?"

"Lori anakuja kufanya nini kwa hosbitali? Yeye mgonjwa?"

Kamati nzima ilicheka. Hata Mwende alitabasamu, maana Alio akitaka kukuchekesha huna pa kukimbilia. Mimi sikucheka. Nilimwambia kwa Kisomali, mbele ya wote, kwamba tumeletewa ngao na sisi tunaomba sufuria. Akanitazama vile kaka anavyomtazama dada mdogo aliyesoma kupita kiasi, akaendelea.

Alikuwa na sababu, na hiyo sababu ndiyo inayoniuma mpaka leo. Akina mama wetu walikuwa wakingoja juani na watoto wao mgongoni. Siku za chanjo ungewaona wamejibanza kwenye ukanda mwembamba wa kivuli cha ukuta, na kivuli kikihama, nao wanahama. Alio alitaka mapipa yawe kizuizi, na fedha zitakazobaki zijenge banda. Shirika lilikubali shingo upande, na Mwende akaondoka amekunja uso.

Basi mapipa yakapangwa. Tuliyapaka rangi nyekundu na nyeupe, yakajazwa mpaka juu mchanga ulioletwa kwa lori kutoka mto Tana, ulio mbali nasi, na nyuma yake likasimama banda la mabati lenye mabenchi marefu. Nitasema kweli, lilikuwa banda zuri. Akina mama walimwombea Alio dua kila walipoketi, naye alipita pale kila asubuhi akijifanya ana shughuli, ili aombewe tena.

Kisha mvua zikakosa, na msimu uliofuata zikakosa tena. Mabwawa yakabaki udongo uliopasuka. Tukawa tunaishi kwa lori la maji, na lori la maji lina desturi yake: kila nyumba hupata kadiri ya vyombo ilivyovipanga barabarani. Mwenye pipa hujaziwa pipa. Mwenye dumu moja hujaziwa dumu moja, na lori huondoka maji yakichezacheza tumboni.

Deka alikuwa na dumu moja. Mumewe Olow alikuwa amehama na ng'ombe kutafuta malisho ng'ambo ya Kotile, akamwachia mama mkwe asiyeona na mtoto mchanga. Siku moja alikuja zahanati, akasimama mbele ya Alio, akafunga shungi yake vizuri kabla ya kusema.

"Adeer, mchanga nao husikia kiu?"

Alio hakumwelewa, lakini Deka alikuwa amemwita adeer, yaani baba mdogo, kwa hiyo hakuweza kumfukuza.

"Nauliza tu," akasema Deka. "Mapipa yote haya yameshiba mchanga, na mimi nina dumu moja."

Kwetu, mtu akikuomba chombo cha maji wakati wa ukame, humuulizi swali. Unaweza kumnyima mbuzi. Unaweza hata kumnyima binti yako akija kuposa. Chombo cha maji humnyimi, na ukithubutu, utasimuliwa mpaka wajukuu wako waone haya kutaja jina lako. Alio aliliangusha pipa mwenyewe, akamwaga mchanga, akalisugua ndani, akalibingirisha mpaka mlangoni kwa Deka.

Na ukishampa mmoja umewapa wote. Walikuja wajane, wakaja wenye wagonjwa, mwisho wakaja hata wasio na shida kubwa. Alio aligawa. Yaliyobaki aliyapanga upya kwa kuyaachanisha ili nafasi zisionekane, kama mtu anayetaka kufunika kitanda kikubwa kwa shuka la mtoto.

Nilimfuata nikiwa nimewaka. "Alio, unaugawa ukuta!"

"Dada yangu," akasema, bila hasira, "bomu halijaja. Kiu imekuja."

Nilishinda na ghadhabu kutwa nzima kwa sababu hakuwa amesema uongo. Nilimpigia Mwende simu, akaniambia kwa unyonge kwamba mradi wetu ulikwisha fungwa, ila atajaribu kuufungua tena. Kinachonitesa sasa ni kwamba jibu lilikuwepo, nami nimelijua tu baada ya kuchelewa. Kizuizi cha kweli ni kile kisichofaa kwa kazi nyingine yoyote. Zege halichotewi maji. Hakuna mama atakayekuja kukuomba zege, na moyo wako hautapata nafasi ya kukushinda.

Ilikuwa siku ya chanjo, asubuhi, na banda limejaa. Zamu ya Deka ilipofika alinikabidhi mtoto mlangoni.

"Eedo, mchome wewe," akasema akicheka, akiniita shangazi. "Mimi nitalia kabla yake."

Akarudi kwenye benchi. Nilikuwa nimemshika mtoto pajani, sindano mkononi, niliposikia ng'ombe wakilia. Sikusikia breki wala honi, nilisikia ng'ombe. Wafugaji siku zile walikuwa wakikimbiza mifugo iliyokonda sokoni Garissa kabla haijafa, na malori yalikwenda kasi maana kila mnyama aliyekufa njiani alikuwa hasara. Dereva wa lori lile, Salat, alikuwa kijana mtulivu asiyetumia kilevi chochote. Chuma cha usukani kilikatika, lori likaacha barabara, likaja kwetu.

Watu wanapenda kusema lilipita palepale palipokuwa pipa la Deka. Mimi sijui. Nafasi zilikuwa nyingi. Nilichoona ni pipa moja lililoguswa likibingirika hadi kwenye ukuta wa maabara kama kopo, na banda likilala chini na watu wake.

Deka alifariki hapohapo, yeye na wenzake wawili. Mtoto wake alikuwa mikononi mwangu, ananilalamikia kwa ajili ya sindano. Alio alifika anakimbia, kanzu ameikunja kiunoni, akaanza kuinua mabati kwa mikono mitupu. Hakuacha hata baada ya wote kutolewa. Ilibidi wanaume wamshike.

Vile vizuizi vya Mwende vilikuja baadaye. Mfadhili akishaona picha za msiba hufungua mkono haraka. Mwende alisimamia kazi mwenyewe, hakuniambia "niliwaambia", nami nilimpenda kwa hilo. Sasa yapo, makasha yaliyojaa udongo na zege lililozama, mabaya kuyatazama, na mbuzi wanajikunia pembe hapo. Ukame haujaisha. Hakuna aliyekuja kuomba hata kimoja.

Watu wa ukoo wa Salat walikuja kwa wazee wetu kuleta dia, fidia ya damu, kama ilivyo desturi. Kikao kilikuwa uani kwa mzee Abdimalik, sisi wanawake tukiwa nyuma ya pazia la turubai. Mambo yalikwenda vizuri, maana ajali ni ajali na kijana alikuwa amelia mbele yao. Ngamia wakatajwa, wakakubaliwa. Kabla dua haijasomwa, Alio akasimama.

"Mnihesabu na mimi," akasema. "Mzigo huu si wa ukoo wa kijana huyu peke yake."

Wazee wakamgeukia.

"Uliendesha lori wewe?" Abdimalik akamuuliza.

"Hapana."

"Ulimtuma dereva?"

"Hapana. Nilipewa ukuta, nikachagua mapipa. Kisha nikayatoa."

"Uliyatoa kwa ajili ya nini?"

"Maji."

"Basi keti," mzee akasema, kwa upole kabisa. "Sheria ya mababu ina kipimo cha roho, ina cha jicho na cha mguu. Aliyetoa chombo cha maji haina kipimo chake. Tukikutoza wewe, nani atampa tena mwenzake chombo?"

Wazee wote wakaitikia. Nilimwona kaka yangu kupitia tundu la turubai, amesimama tu, mikono inaning'inia. Alikuwa amekuja tayari kuuza mifugo yake yote, na hapakuwa na mtu wa kuipokea.

Ndipo Olow, mume wa Deka, akainuka. Mtoto alikuwa begani kwake. Alivuka uwanja, nikadhani atampiga, na Mungu anisamehe, nilitamani ampige. Alimshika Alio mkono kwa mikono yake miwili.

"Adeer, mama yangu amenituma," akasema. "Anasema miezi yote niliyokuwa mbali hawakulala na kiu, kwa ajili ya pipa lako. Anasema Mungu akulipe."

Alio aliitikia "Amin" kama inavyopasa. Dua ikasomwa, chai ikanywewa, wageni wakaondoka.

Tulirudi nyumbani pamoja kwa miguu. Nilikuwa nimemwekea maneno mengi kwa muda mrefu, makali. Karibu na mlango wangu alisimama, akaniegemea kama anavyofanya mgonjwa, mzito, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe.

"Wamenishukuru, Ramla," akasema. "Umesikia? Wamenishukuru."