Mti wa Swae kwenye Mteremko wa Njano

Siku ile watu walijaa ukumbini, wameizunguka milima yao wenyewe. Bupo, katibu wa kamati ya ardhi, na wenzake walikuwa wameunda mfano wake kwa vipande vya maboksi, wakabandika tabaka juu ya tabaka mpaka kila bonde likajulikana. Sasa ilibaki rangi. Kijani ni msitu usioguswa, bluu ni maji, njano ni mashamba ya zamu: yanalimwa mwaka mmoja, kisha yanapumzishwa miaka mingi. Mabwana misitu wakiyaona yameota vichaka huandika kwamba ni pori lisilo na mwenyewe, na ndiyo maana kijiji kiliamua kujipangia ardhi yake chenyewe na kupeleka mpango wilayani ukapigwe muhuri.

"Huu mteremko wa juu ya kijito ni njano," Bupo alisema, brashi mkononi. "Mwaka huu ni zamu ya Mjomba Dilo kufyeka. Kuna mwenye chochote pale? Kaburi? Chemchemi? Mti wa kitovu?"

"Miti ya vitovu yote iko hapa nyuma ya nyumba," mtu akajibu. "Paka rangi, binti, tukale."

Mjane Nomue aliinamisha kichwa. Si yote. Mwanawe Swae alizaliwa kwenye kibanda cha shambani katikati ya mavuno, maana uchungu haungoji mtu afike nyumbani. Baba wa mtoto alikitia kitovu chake ndani ya mwanzi, akaenda kuufunga kwenye mti huko huko mteremkoni. Mti upi, marehemu hakuwahi kumwonyesha mkewe. Tangu hapo mteremko ulikuwa umefyekwa mara moja tu, na aliyeufyeka ni huyo huyo Dilo, mwaka ule ambao nyati wake wa kulimia alimlia Nomue mpunga wote wa bondeni na wao wawili wakaacha kusalimiana.

Mti wa kitovu ukikatwa, roho ya mtoto inakosa pa kukaa. Kila homa iliyomshika Swae, na kila pikipiki iliyomwangusha huko mjini Chiang Mai anakoishi, mama yake alisema moyoni: ndiyo hiyo, mti haupo. Njia ya mteremkoni aliiacha kabisa. Kumuuliza Dilo hakuthubutu, kwani asipouliza, mti ungeweza kuwa bado umesimama. Na sasa akisema, "Uacheni mti wa mwanangu," si wataenda kuutafuta na kukuta kisiki? Brashi ikapita. Dilo mwenyewe hakuwepo; alikuwa anamtafuta nyati wake, kama kawaida.

Kesho yake kamati ilipanda na wanakijiji kukagua mipaka. Nomue alisingizia goti, Bupo akamshika mkono akamvuta. Walipofika juu ya kijito walimkuta Dilo anatafuna tambuu.

"Bupo, nimeiona ile milima yenu. Rangi ina kasoro. Hapa katikati weka kijani."

"Mjomba, shamba ni lako. Kijani cha nini tena?"

"Cha mti ule." Miti mingine yote mteremkoni ilikuwa imewahi kupogolewa, ule mmoja ulikuwa na matawi yake yote. "Mwaka ule nilipanda kuupogoa, nikakutana uso kwa uso na mwanzi wa kitovu. Nilivyoshuka, hata tumbili angenionea wivu. Kivuli chake kikanilia mpunga upande mzima, na mke wangu akaninunia mpaka mavuno."

"Ni wa nani?"

"Muulize Mama Swae. Nani mwingine alizaliwa huku porini?"

Nomue aliuangalia mti, tawi kwa tawi. Akakaa chini kwenye majani.

"Miaka yote hii hukuniambia?"

"Mti wa mwanao, nikuambie mimi? Halafu ulikuwa hunisalimii."

"Nilidhani umeukata."

Dilo alitema tambuu. Ilionekana neno hilo limemuuma. "Mama Swae, nyati wangu ni mwizi, sikatai. Lakini mimi nikate kitovu cha mtoto wa mtu?"

"Mficha uchi hazai, shangazi," alisema Bupo. "Ungeuliza tu."

Nomue alilia, na katikati ya kilio akaanza kucheka, akashindwa kujizuia. Furaha ilimjaa mpaka akamwomba Dilo radhi mbele ya watu wote, naye Dilo akasema radhi hailiwi, atakuja jioni kula pilipili yake ya kutwanga.

Nomue alipanda hadi kileleni, penye mtandao, akampigia mwanawe.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

Akamsimulia habari za maboksi na rangi, goti la uongo, nyati aliyepotea tena, na Dilo anayekuja kula. Aliongea mpaka pumzi ikamwishia.

"Mama," alisema Swae, "leo kuna nini? Hujaniuliza kama naumwa."

"Kwani unaumwa?"

"Hapana."

"Basi."