Mpira wa Kushoto

…wala hakuuona, huo ndio ukweli, alisikia tu mpira pu! kwenye nyasi upande wake wa kushoto, na sasa uwanja mzima wa Germantown unamtazama yeye, Hester Wetherill, bingwa wa wanawake mara tatu, kwa sababu mzee Pennock, mwamuzi, ameinuka kitini akakiri kwamba sketi za Hester zilimziba asiuone, "Bi Hester, tunaamini neno lako, mpira umeanguka ndani au nje?"… nje, neno moja tu, nje, na kikombe cha nne ni chake, ndani, na seti ya tano inaendelea, na miguu hii haiendelei, jasho limelowesha kibwebwe kigumu cha mifupa ya nyangumi kilichombana kiuno mpaka hapumui… masika yaliyopita daktari alimfunika jicho la kulia akashika mshumaa mbele ya hilo la kushoto, "Unauona?" "Nauona," akadanganya, naye daktari akasema polepole, "Nimeshauzima, binti yangu, na la kulia litafuata, weka raketi chini," lakini aiweke chini awe nani, mwanamke wa kumimina chai, wa kuulizwa ataolewa lini, hapana, hakumwambia mtu, hata mama, hata kaka yake Rufus aliyemfundisha kwenye ukuta wa banda la farasi, piga, Hetty, usiuogope ukuta!… na tangu masika anacheza kwa masikio, anaubahatisha mpira kwa mlio wake, nani mwingine angeweza, nani?… "Hester, sema basi, mbona umeduwaa?" ni Cornelia, ng'ambo ya wavu, miaka kumi na tisa, anajifuta uso kwa mkono wa blauzi, hana hata kinyongo, lolote atakaloambiwa ataliamini, na hilo ndilo linalomwuma, wote wataamini… "Umetoka huo! Waambie, Hetty!" Rufus, kutoka kwa watazamaji chini ya miavuli, je, kweli aliuona, au ni mapenzi tu yanayopiga kelele… na baada ya kikombe utakuja mpira mwingine wa kushoto, na mwingine, naye peke yake gizani akidanganya, Mungu wangu, nimechoka, sikuuona, neno lenyewe hilo, alilikimbia kama kaburi na sasa limekaa ulimini, jepesi… "Bi Hester?" Pennock bado amesimama, hakuna aliyesogea, naye anageuza shingo taratibu mpaka jicho la kulia limpate Rufus, madoadoa puani, kofia iliyokaa upande, lile tabasamu pana la kipumbavu, anamtazama, anamtazama sana, maana akishafungua kinywa kusema hakuuona, uso ule hautamwangalia hivi tena.