Mafurungu ya Rukia

Mdogo wangu Rukia aliomba kukatwa. Naanza hapo kwa sababu wapo watu Mbeya mpaka leo wanaosema mimi ndiye niliyempeleka kwa nguvu. Uongo mtupu. Mwaka ule wa hamsini na saba aliniletea mwili wake huku kwangu Iringa, pumzi juu juu, miguu imevimba, na katika hospitali ya misheni alimshika daktari Mzungu koti lake jeupe. Angepiga magoti, ila asingeweza kuinuka tena.

"Nipasue, baba. Yaondoe haya mafuta. Nikilala, moyo unanikaba."

Tekla, nesi wa Kihehe, alitafsiri. Daktari akavua miwani, akaeleza kirefu. Alisikia kwamba huko Marekani madaktari wachache wameanza kujaribu kufupisha utumbo wa watu wanene, ili chakula kipite bila kushika mwilini. Mtu akipungua, moyo nao hupunguziwa mzigo. Lakini bado ni kujaribu tu, na yeye hajawahi kufanya.

"Basi ajifunzie kwangu," Rukia akasema.

Tekla akatikisa kichwa. "Dada, anasema moyo yako haiwezi dawa ya usingizi. Utalala, hutaamka. Mwili ipungue kwanza."

Yaani moyo uliohitaji kisu haukukiweza kisu. Nilitaka kumpiga mtu.

Na wa kumpiga nilimjua. Shemeji yangu Isihaka alikuwa muuza samli Mbeya, akiinunua kwa Wasangu na kuiuza dukani karibu na soko. Babu zake walitoka pwani, na nyumba yao ilishika desturi za huko kuliko watu wa pwani wenyewe. Alipomwoa Rukia, msichana mwembamba kama mimi, mama yake Bi Mwantumu alimvisha mafurungu ya fedha miguuni, akaanza kumnywesha bilauri ya samli ya moto kila asubuhi. Wateja wakija, Rukia huitwa dukani. "Mwoneni! Samli yangu ndiyo hii!" Watu wakicheka, wakinunua. Mwaka hata mwaka mafurungu yakazama katika nyama, yasizunguke wala yasilie. Na nyumba ile ina sheria yake: bakuli la mama mkwe halirudi jikoni na kitu ndani. Mkwe anayebakiza ametukana.

Akalazwa. Uji mwepesi, mchicha, maharage yasiyo na chumvi, na sindano za kumtoa maji. Alilia njaa kama mtoto. Aliniita mchawi, na mimi nikamjibu kwamba mchawi hula watu, hawanyimi chakula. Nilikaa mlangoni mwa wodi, maana kwetu mgonjwa hatazamwi mikono mitupu, na kila aliyekuja na kikapu nilimpokonya. Siku nyingine nilikula maandazi yao mbele ya macho yao. Waliniona sina adabu, na kweli sikuwa nayo.

Asubuhi moja aliniita. "Dada, sikiliza."

Akautikisa mguu. Furungu likalia, vile vijiwe vya ndani chwa, chwa. Sikuwa nimeusikia mlio ule tangu harusi yake. Siku hiyo alitembea mpaka lango la hospitali na kurudi bila kupumzika, nami nikalia waziwazi. Daktari akamsikiliza kifua, akatabasamu. "Aendelee hivi hivi," Tekla akatafsiri. "Pengine hiyo kisu hataihitaji."

Ndipo Isihaka akaja kumchukua. Nikamwambia kwamba daktari hajamruhusu.

"Shemeji, huyu mke wangu," akasema, na neno likaishia hapo. Nikapanda basi pamoja nao.

Mbeya, Bi Mwantumu aliyasikia mafurungu kabla hajamwona aliyeyavaa. Akatoka, akamtazama, akapiga yowe la msiba. "Wamemmaliza mwanangu!" Majirani wakajaa. Huyu akanong'ona kifua kikuu, yule akasema samli ya Isihaka siku hizi ina mchanganyo, tazama mke wake alivyokwisha. Nilieleza habari ya moyo mpaka mate yakanikauka. Nani anisikilize?

Bi Mwantumu hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ningepumua. Alinishika mikono, machozi yanamtiririka. "Nimezika watoto wangu, Zuena, njaa ya wakati wa vita. Leo wewe unaniambia mtu huponywa kwa njaa?"



Bakuli likaja, wali unang'aa samli. Mama akaketi mbele ya mkwewe, akingoja chombo chake. "Usile," nikasema. Rukia akanitazama, akamtazama mama. Akala. Kesho yake akala tena. Nilimwaga bilauri ya samli uani mbele ya wateja, na siku hiyo hiyo Isihaka akanipakia basi la Iringa.

"Nitamwambia siwezi, dada," Rukia alisema mlangoni. "Kesho nitamwambia."

Mvua zilipoanza nikaletewa habari kwamba amezidiwa, nikapanda basi la Mbeya. Nilimkuta amefunikwa shuka. Usiku alilalamika anakabwa, wakamkalisha, akafa ameketi.

Tulimwosha mimi, Bi Mwantumu na mwanamke mmoja jirani. Maiti haizikwi na fedha, na mafurungu yalikuwa yamezama tena. Tukajaribu sabuni, tukajaribu mafuta. Samli ile ile, nasema, tulimpaka miguuni. Hayakutoka. Tukaazima tupa kwa sonara, nikaanza kuyakereza mwenyewe, Bi Mwantumu ameushika mguu kwa mikono miwili.

Alikuwa analia kweli, yule mama. Tupa ilipoteleza ikagusa ngozi, akanishika mkono.

"Taratibu, mwanangu. Usimkate."

"Ndicho alichoomba, mama," nikamwambia, nikaendelea kukereza.