Chef Anaanza na Kosa Lake

Mimi Kadidja niko na mudomo, sikatai. Katika bureau yetu ya Makiso, watu watano tunaotengeneza programu za simu, nikisema kitu kimekwisha, basi kimekwisha. Ijumaa ile tulipaswa kumuonyesha Docteur Hubert, client anayetulipa, programu ya kuandika chanjo za watoto wa Bafwasende. Ikishindwa, kazi inakwenda kwa timu ya Kinshasa. Kinshasa! Ningekufa kwa haya, wallahi.

Tunafuata ile njia wanaita agile: kazi inakatwa vipande vya wiki mbili, na kipande kikiisha tunakaa, kila mutu anasema nini kilienda vibaya. Kwenye video za mafunzo watu wanasema bila woga. Kwetu? Mwaka muzima jibu ni moja: «Iko muzuri, mama chef.» Nani atamukosoa mukubwa mbele za watu?

Jumatatu nikauliza tena. Trésor wa timu yetu anaangalia viatu vyake. Nikakasirika. «Bon, naanza mimi! Nilimuahidi docteur Ijumaa bila kuwauliza. Nilikosea. Nani anafuata?»

Gracia, anayejaribu programu zetu kabla hazijatoka, akasema polepole: «Mama, réseau ya internet ikikatika, majina ya watoto yanafutika. Nilijua tangu wiki iliyopita.»

Hasira zikanipanda. «Na ukanyamaza?»

«Mama, ulisema iko tayari.»

Nilitaka kupiga kelele, nikameza mate. Kweli nilisema. Tukaacha mengine yote, tukatengeneza hilo tu. Na toka siku ile kanuni yetu ni hiyo, haiko katika kitabu chochote: mukubwa anaanza na kosa lake.

Ijumaa Docteur Hubert akaandika watoto watatu, akakata réseau mwenyewe, akairudisha. Wote watatu wako. «Félicitations, Mama Kadidja! Ulijuaje kwamba kule Bafwasende réseau inatusumbua?»

Kabla sijajibu, Gracia akasimama. «Docteur, hakujua. Alisema iko tayari, na haikuwa. Sisi ndio tulimuambia.»

Mbele ya client! Trésor akajifunika uso. Mimi kifua kikanijaa, nikajivuna kama siku mutoto wangu wa kwanza alipotembea.

«Ni kweli kabisa, docteur,» nikasema. «Sasa uniambie: hao wa Kinshasa, wako na mutu wa kumuambia chef hivyo mbele yako?»

Docteur akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaomba kalamu, akasaini mukataba wetu.