Kidevu cha Fundi Saa

Mwokaji mikate alipenda kuwaambia wenzake wa zamu ya usiku kwamba amebahatika kuoa mwanamke wa sala. Kila akirudi nyumbani asubuhi, unga umemjaa mpaka kwenye kope, alikuta mlango wa bafu umefungwa kwa komeo na ndani kimya. Nusu saa, mara nyingine zaidi. Alivua viatu taratibu asije akamkatiza, akaketi jikoni kusubiri zamu yake ya kuoga. Mkewe alipotoka, uso laini na macho yamelowa, mwokaji aliamini kabisa kwamba machozi yale ni ya mtu aliyekuwa akizungumza na Mungu wake.

Kumbe alikuwa na kibano mkononi.

Mke huyo alikuwa fundi saa. Kazi aliirithi kwa baba yake, pamoja na duka dogo lenye meza ya mninga na droo arobaini za vipuri, na kwa ukoo huohuo wa baba alirithi ndevu. Si vinyweleo viwili vitatu vya kuhesabika. Ndevu hasa, nyeusi, ngumu, zilizoanza kwenye taya la kushoto alipokuwa na miaka kumi na mitano zikazunguka kidevu kizima. Shangazi zake wote watatu walikuwa nazo, kila mmoja na namna yake ya kuzificha. Mama yake ndiye aliyeziona kwanza. Alikwenda kwenye sanduku la vifaa la mumewe, akachomoa kibano cha kushikia skrubu za saa, akamkalisha binti dirishani penye mwanga.

"Hili ni la kwako na la kwangu," alimwambia. "Mwanamume yeyote asijue, hata baba yako."

Basi akang'oa udevu mmoja mmoja, kila siku ya Mungu, kwa miaka ishirini na mitatu. Mkono wake haukutetemeka hata kidogo, na wateja walipousifu utulivu wa vidole vyake juu ya saa ndogo za mkononi, hakuna aliyejua vilikofanyia mazoezi.

Lakini ngozi nayo ina kikomo chake. Mwaka ule kidevu kilianza kuvimba. Vinyweleo vilivyokatikia ndani vikajikunja chini ya ngozi, vikatunga usaha, vikaacha madoa meusi. Alizidisha poda, mambo yakazidi kuharibika. Alipoamka siku moja taya limemvimba hata kutafuna ni shida, alifunga duka akaenda kwa daktari wa ngozi.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya mtu asiyeshangazwa na chochote. Alimgeuza uso huku na huku chini ya taa, akamuuliza kuhusu siku zake, dawa anazotumia, na wanawake wa upande wa baba yake. Akampima damu. Wiki iliyofuata alimwambia kwamba vipimo ni vizuri, homoni zimekaa sawa, na hizo ndevu ni za ukoo tu, kama wengine wanavyorithi mwanya au miguu mirefu. Kinachomuumiza si ndevu, ni kibano. Akampa dawa ya kupaka, akamwonyesha jinsi ya kukanda uso kwa kitambaa cha maji ya moto, akampiga marufuku kung'oa wala kunyoa kwa wiki nane. Baada ya hapo, alisema, utachagua mwenyewe: kunyoa kwa wembe mzuri, kuondoa kwa mashine za hospitali, au kuziacha. Yote ni sawa.

Wiki nane! Fundi alitoka pale akihesabu ni mikutano mingapi, misiba mingapi na wateja wangapi watakaoingia katika wiki nane. Njiani alinunua mtandio mpana, akaufunga kuanzia puani mpaka shingoni kwa pini nyuma ya sikio, na akatangaza kwamba anaumwa jino.

Jino hilo lilimletea kazi kuliko ndevu zenyewe. Kila aliyeingia dukani alikuwa na tiba yake: huyu karafuu, yule maji ya chumvi, mwingine koleo la shemeji yake. Kwa wiki tatu aliitikia kwa kichwa na kuwashukuru wote. Aliyemtia uchungu zaidi ni mumewe. Mwokaji alikuwa akichelewa kutoka kazini ili aoke mkate wa peke yake, laini, usio na ganda, wa kumezeka bila kutafunwa. Akauleta nyumbani umefungwa kwenye taulo ukiwa bado na mvuke, akaukata vipande vidogo kama vya mtoto. Fundi alikula huku mtandio ameuinua kidogo tu, amempa mgongo.

Katikati ya mambo hayo ndipo mhandisi wa baraza la mji alipoingia dukani. Saa ya mnara, iliyo juu ya jengo la baraza, ilikuwa imesimama miaka tisa. Mafundi wawili walioitwa kutoka mbali walishauri mtambo utolewe wote uwekwe wa umeme. Mhandisi, kijana mwenye kupenda vitu vya zamani, hakutaka. Alikuwa amesikia kwamba marehemu baba yake fundi aliwahi kuihudumia saa ile, akauliza kama binti anaweza kuitazama. Fundi alisahau jino. Alimwambia kwamba ataitazama kesho, na kwamba asikubali mtu mwingine yeyote aiguse.

Alipopanda ngazi mia na kumi za mnara na kuiona, moyo ulimlipuka kwa furaha. Mtambo mzima ulikuwa mrefu kuliko yeye, magurudumu ya shaba yenye meno, nyaya za chuma zikining'iniza mawe ya uzito mpaka chini kabisa ya mnara. Njiwa walikuwa wamefanya makazi. Grisi ya zamani ilikuwa imekauka kama lami. Utepe mwembamba wa chuma unaoshikilia pendula, ile fimbo yenye uzito inayobembea, ulikuwa umekatika, na ekseli ya gurudumu kubwa ilikuwa imekula tundu lake likawa na umbo la yai. Aliifungua yote kwa wiki mbili, kipande kwa kipande, akakisafisha kila kimoja kwa mafuta ya taa. Pete mpya ya shaba ya kuingia kwenye tundu hilo aliichongesha kwa fundi mkerezaji wa vyuma, akairudisha mara tatu mpaka ikaingia bila kulazimishwa.

Siku ya kuijaribu, mhandisi alikuwapo pamoja na vibarua wawili wa kusaidia kuvuta mawe. Fundi aliisukuma pendula kwa kidole. Saa ikapumua: tak, tak. Magurudumu yakaanza kutembea. Akainama asikilize ile pete mpya, na ncha ya mtandio ikaanguka kati ya meno ya gurudumu.

Ilikuwa haraka. Gurudumu liliumeza mtandio na kumvuta shingo chini kuelekea shaba. Vibarua walibaki wameganda. Fundi mwenyewe ndiye aliyetia mkono nyuma ya sikio, akaivunja pini, akajivua mtandio wote kwa mkupuo mmoja, na kwa mkono wa pili akaishika pendula isimame. Akabaki amepiga goti, anahema, uso wazi, na ndevu za wiki tano zimemkaa kidevuni mbele ya wanaume watatu.

Fundi aliwaona wote wanavyomtazama na aliisikia damu ikimpanda masikioni. Alijua kwamba anaweza kushuka ngazi zile mia na kumi sasa hivi, na mtu mwingine aje aimalize kazi yake. Wazo hilo lilimuudhi kupita kiasi. Baba yake aliwahi kumfukuza mteja dukani kwa kuinamia mashine na tai shingoni. Na yeye, binti yake, amekaribia kunyongwa na kitambaa kwa ajili ya nywele.

Akanyoosha mkono.

"Nipe spana namba kumi na nne," alimwambia kibarua. "Na wewe mwingine, shikilia hilo jiwe lisiteremke."

Wakampa, wakashikilia. Aliutoa mtandio vipande vipande kwenye meno, akalikagua kila jino kwa lenzi, hakuna lililopinda. Mhandisi alikuwa anaangalia dirishani kwa adabu. Alipogeuka, aliuliza tu kama hilo litachelewesha sherehe ya ufunguzi wa saa. Fundi akamjibu kwamba halitachelewesha hata dakika.

Alirudi nyumbani mchana huohuo uso mtupu. Mwokaji alikuwa ndiyo kwanza ameamka, yuko jikoni na kikombe cha chai. Alimtazama mkewe. Akaweka kikombe chini. Fundi aliketi mbele yake akamweleza yote tangu dirisha la mama yake, bila kupunguza, akamaliza kwa kibano na bafu.

Mwokaji alikisukuma kikombe pembeni.

"Kwa hiyo jino?" aliuliza.

"Halijawahi kuuma hata siku moja."

"Na sala?"

Fundi hakuelewa. Alipoelezwa, na akajua kwamba kiwanda kizima cha mikate kilikuwa kikimwombea heri kama mcha Mungu wa kupigiwa mfano, alicheka mpaka akajishika mbavu. Mwokaji hakucheka mara moja. Alisema kwamba ndevu si kitu, yeye mwenyewe anazo. Kinachomuuma ni kwamba alikaa jikoni miaka kumi na mmoja akisubiri mlango ufunguliwe, na mkewe yuko ndani anajiumiza peke yake. Fundi akamwomba radhi, na alimaanisha. Baadaye mwokaji alinyoosha kidole, akaligusa taya lile kidogo kama anayepima unga ulioumuka.

"Zangu ni laini kuliko zako," alisema, na hapo ndipo alipocheka.

Kwa mama yake fundi lilikuwa jambo jingine. Habari zilimfikia, kwani vibarua wana midomo, na siku mbili kabla ya ufunguzi alifika na mkoba wake, amekaza uso. Ndani ya mkoba alikuwa na kibano kipya. Alisema watu wote wakubwa wa mji watakuwapo, wapiga picha watakuwapo, na hataki mwanawe awe kichekesho. Fundi alimweleza maneno ya daktari, akamwonyesha jinsi madoa yalivyoanza kufifia.

"Siku moja tu, mwanangu," mama alisihi. "Kwa ajili yangu."

"Mama, ulinifundisha ili nisidhalilike, na ninakushukuru. Lakini mimi nimeifufua ile saa. Nitasimama chini yake na kidevu changu kama kilivyo. Nikitaka kunyoa nitanyoa mwezi ujao, si kwa kuogopa mtu."

Mama alikunywa maji, akaondoka bila kuaga vizuri, na fundi hakujua kama atamwona kwenye shughuli.

Lakini alikuja. Alikaa safu ya mbele, amevaa nguo yake ya heshima, mikono juu ya mkoba. Hotuba zilikuwa ndefu. Fundi aliitwa jukwaani ili aoneshwe kwa watu, akapanda uso wazi, na mnong'ono ukapita uwanjani kama upepo kwenye majani makavu. Nyuma ya mama yake, mwanamke mmoja alimwambia mwenzake, wala hakujitahidi kupunguza sauti, kwamba tazama yule mama ana ndevu jamani.

Mwokaji, aliyekuwa kiti cha tatu kutoka hapo, ndiye aliyesimulia baadaye kilichotokea. Alisema mama mkwe wake aligeuka mwili mzima, taratibu, akamtazama yule mwanamke usoni.

"Anazo," alisema. "Ni za ukoo wa baba yake. Na saa hiyo ni ya mkono wake. Huyo ni mwanangu."

Akageuka mbele tena, akanyoosha mgongo. Wakati huohuo saa ikagonga saa nne kamili, kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, na hakuna aliyesikia neno lingine.

Picha ilitoka gazetini, kubwa, kidevu kinaonekana wazi. Kwa siku kadhaa watoto walimwita Mama Ndevu barabarani, na wapo watu wazima waliopita mbele ya duka mara mbili mbili bila saa ya kutengeneza. Fundi aliwaacha wapite. Wiki nane zilipoisha, alinunua wembe mzuri, akanyoa siku aliyotaka na kuziacha siku aliyotaka, na bafu likawa halifungwi kwa komeo.

Mwezi wa pili baada ya ufunguzi, akiwa anafungua duka asubuhi, muuza mboga wa ng'ambo ya barabara alimwita kwa sauti ya kugombana. Siku hiyo fundi hakuwa amenyoa. Akavuka, amejiandaa kwa lolote.

"Fundi, saa yako inakimbia," mama yule alisema, mkono kiunoni. "Dakika mbili nzima. Jana nimefunga meza yangu mapema, nikawaacha wateja."

Fundi alitazama juu mnarani, kisha saa yake ya mkononi. Ilikuwa kweli, dakika mbili. Alimwomba radhi, akamweleza kwamba uzito wa pendula unatakiwa kushushwa kidogo, nusu mzunguko wa nati, na atapanda sasa hivi. Muuza mboga alisema ingekuwa vizuri, maana mji mzima sasa unategemea saa hiyo.

Akafunga duka lake tena, akachukua spana, akaanza kupanda ngazi, kifua mbele.